Kamba na Waya Juu ya Ukuta

Dobi hakuwahi kulilalamikia jua. Wenzake walilikimbia kivulini. Yeye alilihesabu kuwa mfanyakazi wake wa zamani kuliko wote, asiyedai mshahara wala likizo. Alipopata paneli za umeme wa jua kupitia kikundi cha kina mama na kuzipandisha juu ya bati, majirani walishangaa. Yeye aliona amemwongezea tu mfanyakazi kazi.

Mchana umeme ulimzidi. Ng'ambo ya ukuta aliishi wifi yake, fundi cherehani, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepooza. Cherehani ya kukanyaga haikumfaa tena. Ya mota alikuwa nayo, lakini umeme wa kununua ulimlia faida yote. Dobi akapitisha waya juu ya ukuta, akaufunga sambamba na kamba ya kuanikia nguo. Wifi akarudi kwenye kushona sare za shule, na mdomo wake nao ukapata nguvu.

"Wifi, jua lako limelala," alipaza sauti kila wingu lilipopita.

"Mvivu hakosi kisingizio. Piga pasi mikunjo, utashona likiamka," Dobi alimjibu.

Kisha akaja mkaguzi wa umeme, kijana mwenye koleo. Alieleza kwamba sheria haitambui umeme wa nyumba moja kuvukia nyingine. Akapanda ngazi, na kwa kuwa waya na kamba vilikuwa vimekumbatiana, akakata vyote viwili. Mashuka meupe ya nyumba ya wageni yakatua matopeni. Dobi aliumia, lakini mashuka hufuliwa tena. Kilichomshinda kuvumilia ni ukimya wa cherehani.

Kamati ya bunge ilipokuja kwenye ukumbi wa mtaa kukusanya maoni juu ya muswada wa nishati, Dobi alikwenda. Hotuba aliyoikariri ikamtoka kichwani yote, akabaki na ya moyoni.

"Waheshimiwa, kamba yangu imevuka ukuta ule miaka yote, hakuna aliyeniuliza kibali. Jua ni lile lile, linakausha nguo na linaendesha cherehani. Tuondoleeni kodi kwenye paneli. Wakopesheni wasio na kikundi. Na mruhusu jirani ampe jirani umeme."

Mwenyekiti, mama wa miwani, hakucheka. "Na waya huo ukimnasa mtoto, mama? Mkaguzi alikosea nini?"

Waya wenyewe Dobi alikuwa ameufunga kwa vitambaa vya shuka kuukuu.

"Kwa kuogopa hakukosea," alisema. "Hata mimi naogopa. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Tuleteeni fundi, msituletee koleo peke yake."

Mwenyekiti akashika kalamu.

Muswada haukuiva upesi. Kodi ilipunguzwa badala ya kuondolewa, na mikopo bado ni maneno. Lakini kifungu cha majirani kilipita, na mtaa wao ukachaguliwa kwa majaribio. Aliyetumwa kuleta nguzo na waya mzito alikuwa mkaguzi yule yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Koleo umelileta?"

"Nimelileta. Leo ni la kuungia."

"Basi anza na kamba yangu, mwanangu; tangu uikate ni mafundo matupu. Nguo zimelowa."

Alianza na kamba, akamalizia na waya. Ng'ambo ya ukuta cherehani ikakohoa, ikashika mwendo, na sauti ikapanda juu yake: "Wifi! Jua lako limeamka!"

Dobi alikuwa akifuta machozi kwa pembe ya shuka la mteja, kosa ambalo angemfukuzia mtu kazi.