Maji ya Wageni

Kule Eburru hatukuwa na mto wala kisima. Tulikuwa na mvuke. Ulitoka kwenye nyufa za mlima mchana na usiku, na sisi watu wa kambi ya shamba la mzungu tuliukamata, tukaupoza, tukaunywa. Nikiwaeleza hayo wajukuu wangu hapa Nakuru, wanaofungua mfereji wakauacha umwagike huku wakipiga gumzo, wananitazama kama mtu anayetunga hadithi. Hawanijui vizuri. Sina subira ya kutunga.

Baba alichagua ufa wenye nguvu, akaufunika kwa bati na udongo, akaacha tundu moja. Kwenye tundu alichomeka bomba refu la chuma lililoteremka polepole hadi kwenye pipa. Mvuke ukipita mle ndani ulipoa, ukawa maji, ukadondoka tone kwa tone. Usiku, kukiwa na ile baridi ya kuuma masikio, maji yalipatikana. Jua likishapanda, chuma kilikataa kupoa, na mvuke ulitokea upande wa pili ukaenda zake. Hapo tulitandaza magunia yaliyoloweshwa juu ya bomba. Tulitumia maji kutafuta maji, na mama aliyapima kwa kikombe.

Onyo la baba lilikuwa moja tu. "Hiyo moshi munaona si mbaya sana, imeanza kupoa. Ogopa pale karibu na tundu, pale hamuoni kitu."

Nilikuwa na miaka kumi na minane na mdogo wangu tisa, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu wa kijana aliyetaka kunioa walikaa kwenye shamba jingine upande wa Longonot, na siku hizo watu wetu hawakutoka shamba hadi shamba bila barua. Bwana wao aliwapa kibali cha siku moja, Jumamosi, waje kuniposa. Wasipofika siku hiyo, hakuna aliyejua wangefika lini tena. Basi kwa siku nne nilikusanya maji kwa ajili yao. Nilinawa uso kwa kikombe kimoja. Mdogo wangu nilimnyima hata ya miguu, nikamwambia ajisugue kwa majani. Asubuhi ya Jumamosi pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na nakiri kwamba nilijivunia lile pipa kuliko gauni nililoshonewa. Sikutaka mtu arudi Longonot akaseme kwamba nimetoka kwenye nyumba kavu.

Baba na mama walikuwa wameenda kuchuma maua ya pareto shambani, na wangeachiliwa saa sita. Nilikuwa nikifagia nje nilipoona matone yamekoma. Bomba lilikuwa limechomoka kwenye tundu. Ningeliacha tu, maana pipa lilikuwa limejaa, lakini nilitaka debe moja la ziada. Nikamwita mdogo wangu.

"Enda urudishe hiyo bomba. Funga mkono na gunia."

Sikugeuka kuangalia kama amefunga. Hakufunga. Aliona moshi mweupe juu kidogo ya tundu, na chini ya moshi akaona hewa safi, akaamua kupitisha mkono pale pasipo na kitu.

Nilisikia yowe, nikatupa ufagio nikakimbia. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu kuanzia vidole hadi kwenye kifundo, na ngozi ilikuwa imeshaanza kulegea. Hakuja kwangu. Alikuwa anakimbilia pipa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimelificha miaka mingi: mtoto wa miaka tisa alijua anachohitaji. Maji yale yalikuwa yamelala kwenye baridi usiku kucha, naye alibakiza hatua mbili ayafikie. Nikamdaka kiunoni nikamvuta nyuma.

"Wacha! Hiyo ni maji ya wageni!"

Nilimbeba hadi ndani, nikampaka mafuta ya kondoo, nikamfunga kitambaa. Kwetu kila aliyeungua alipakwa mafuta, na ilisemekana maji huleta malengelenge. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama aliporudi, akairidhia. Haikuwa sababu yangu. Mimi nilikuwa nimeiona akilini ile ngozi ikielea kwenye maji ya chai, na nikaona haya mbele ya watu ambao hata hawajafika.

Wageni walikuja, wakanawa, wakanywa chai, wakamsifu mama kwa kulea binti anayejua kutunza nyumba. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemwomba asilie, naye akauma blanketi mpaka walipoondoka.

Mkono ulipona vibaya. Vidole vitatu vilikunjika vikashikana na kiganja, na havikufunguka tena. Niliolewa, nikahamia Nakuru, nikajifungua, na kila nilipopata habari kwamba mdogo wangu ameshindwa kazi hii au ile, nilijiambia kwamba nilifanya kama wanavyofanya wote.

Kisha mwanangu akamwagikiwa na uji wa moto. Nilimpaka mafuta, nikamkimbiza zahanati. Muuguzi alimtazama mtoto, akanitazama na mimi.

"Mama, mafuta ni ya kukaangia." Alikuwa akipangusa yale mafuta kwa hasira. "Hii inafungia joto ndani. Mwagilia maji baridi, mingi, usichoke. Maji ndiyo inatoa moto kwa nyama."

Nikamuuliza, "Na mtu akichomwa na mvuke?"

"Hiyo ni mbaya kushinda. Ikigusa ngozi inageuka maji, na ile joto yote ilikuwa imebeba inaacha hapo."

Nilikaa kwenye benchi. Habari hiyo nilikuwa naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuiwaza. Bomba letu halikushikika kwa moto wake, kwa sababu kila tone lilipozaliwa liliachia chuma joto lake. Siku ile mkono wa mdogo wangu ndio uliokuwa bomba, na dawa yake ilikuwa hatua mbili mbele yake, na mimi ndiye niliyemzuia. Nililia mbele ya watu, wakadhani nalilia mtoto.

Ningekwenda kumwambia siku iyo hiyo. Sikwenda. Niliogopa, na woga ukageuka mazoea. Nilikuja kusema tukiwa vikongwe wote wawili, alipokuja kunitembelea. Tulikuwa tukiambua minji, yaani njegere, mezani, yeye akilibana ganda kwa ule mkono uliokunjika na kulifungua kwa mwingine. Nikamwambia yote: kwamba maji yangemsaidia, kwamba nilimwona akiyakimbilia, kwamba nilichofikiria ni chai.

"Najua, dada," akasema. "Nilikuwa pale."

Akaambua ganda jingine, minji zikaanguka kwenye bakuli.

"Lakini nikuulize kitu kimoja. Hao wageni walimaliza hiyo maji?"

Ningeweza kumdanganya, na nadhani angekubali.

"Hapana," nikasema. "Ilibaki nusu pipa."