Siku Baba Aliponipeleka Kuona Mnara wa Vita

Harufu ya nyasi zilizotoka kukatwa, ikichanganyika na moshi wa malori, hadi leo hunirudisha kwenye ile bustani ndogo iliyo katikati ya mzunguko wa barabara, Bungoma mjini. Nilikuwa darasa la tatu, na tangu wakati wa palizi baba alikuwa ameniahidi kwamba siku moja atanitoa kwetu Endebess anipeleke kuona mnara wa vita, wenye wapiganaji wa saruji walioshika ngao na mikuki, ukumbusho wa siku babu zetu walipopigana na Wazungu. Niliringa kupita kiasi. Ndugu zangu waliachwa nyumbani na ng'ombe, mimi peke yangu nikavalishwa viatu. Mama alitia nguo zangu zote kwenye mfuko, hata sweta ya shule, nami nikajua ni za kubadilisha wakati wa kupigwa picha, maana wenye pesa walifanya hivyo kwenye studio za Kitale. Alipokuwa akinifunga vifungo alilia. Aliniambia ni mafua, nikamwamini.

Pale bustanini baba alinishika mkono akanisimulia jinsi wale watu walivyozingirwa wakakataa kuhamishwa kutoka kwao. Alisimulia vizuri sana, yeye ambaye kwa kawaida alizungumzia maziwa na mahindi tu. Mpiga picha akanisimamisha chini ya mpiganaji mmoja. "Cheka kidogo bana, si umekuja kutembea?" Nikacheka mpaka ufizi ukaonekana. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, nitoe ngapi?"

"Toa mbili. Moja niende nayo nyumbani, ingine ibaki na senge yake."

Senge ni dada yake baba, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Nilipoinua macho alikuwa tayari anavuka barabara kuja kwetu. Alichukua mfuko wangu kwanza, ndipo akanisalimu.

"Mama, utasomea huku," baba akaniambia, akiniita mama kama kawaida yake, huku akitazama magari.

"Ati huku? Mpaka lini?"

Akasema anaenda kuninunulia soda. Hakurudi. Nililia pale chini ya mashujaa mpaka sauti ikakauka, na watu wakapita wakidhani nimechapwa.

Huambiwa nishukuru, na kweli nilisoma, wala senge hakuninyima kitu. Sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa baba, kwa sababu angeniambia ukweli ningelia vilevile, lakini ningewaaga ndugu zangu. Siku hizi nafanya kazi Kitale, na Endebess si mbali. Jumapili iliyopita nilienda. Nilimkuta mama jikoni na ndugu zangu wote, wakila ugali kwenye sinia moja na kutaniana, nami nikanawa mikono, nikavuta kigoda nikae kati yao. Mama akainuka haraka, akanishika bega.

"Hapana, wewe usikae huku," alisema kwa upole. "Wageni tunawaandalia sebuleni."