Bwana Firimbi Anajifunza Kucheza

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini nani alikuwa na habari nalo? Watu wote walimwita Bwana Firimbi, na jina likamkaa kama soksi. Miaka na miaka alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, mle ndani mna mvuke na mashine zinanguruma, mtu huwezi kusikia hata ukiitwa. Ndiyo maana alipewa firimbi. Akipuliza mara moja, mashuka yanatolewa mashineni. Akipuliza mara mbili, watu wanakwenda kula. Asipopuliza, mwenye haja ajibane.

Kosa lake ni kwamba alirudi nayo nyumbani. Watoto waliamka kwa firimbi, wakaoga kwa firimbi, wakalala kwa firimbi. Mkewe tu ndiye aliyepona. Alimpulizia siku moja tu, wakiwa bado maharusi, na usiku huo bwana alilala njaa.

Alipostaafu, kazi ikawa kukaa kitini na kutazama ukuta. Chakula anakidonoa, usingizi haupati, akiulizwa anajibu "mm". Kilichomchangamsha kilikuwa kimoja tu: mjukuu wake, kabinti ka chekechea, kadadisi kweli kweli, mtoto wa binti yake wa mwisho.

Basi siku moja akaachiwa acheze naye. Unajua alifanya nini? Alimpangisha wanasesere mstari mmoja, akapita akiwakagua, mikono nyuma. Aliyepinda akarudishwa. Mtoto akawanyoosha, akaambiwa arudie. Akawanyoosha tena, firimbi ikalia, naye akaangua kilio hadi jirani akachungulia.

Binti yake aliingia, akautazama mstari wa wanasesere, kisha akamtazama baba yake. Hakupandisha sauti.

"Baba, mimi mpaka leo nikisikia firimbi barabarani nashtuka, najiuliza nimekosa nini. Huyu sitaki akue hivyo. Siku utakayojua kucheza naye, niite, nitamleta."

Akambeba mwanawe wakaondoka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hawakuja.

"Ati sijui kucheza!" Bwana Firimbi alifoka. "Nani asiyejua kucheza?"

"Wewe hapo," mkewe akajibu, anachambua mchele wala hakuinua kichwa. "Na usipojifunza, mjukuu utamwona kwenye picha."

Neno hilo lilimchoma, maana alikuwa anampenda yule mtoto kufa.

Pale zahanati kulikuwa na nesi mmoja mcheshi, aliyekusanya watu waliozongwa na mawazo: wastaafu, wajane, waliotoka kuugua. Hakuwapa vidonge. Waliimba, walirushiana mpira, waliigizana. Kwake yeye, mtu mzima asiyecheza anasinyaa, na hachipui akiwa peke yake. Bwana Firimbi alipelekwa huko na mkewe, karibu kuburutwa. Siku ya kwanza tu aliwaambia wacheza mpira wajipange mstari.

"Mzee wangu," nesi akacheka, "hapa hakuna zamu wala bosi. Rusha mpira!"

Akaurusha kama anayetupa shuka chafu. Lakini wiki iliyofuata akarudi, na nyingine pia, kwa sababu ya mjukuu.

Ndipo ikafika siku ya kubadilishana kazi. Kila mmoja alete kifaa chake cha kazini, ampe mwenzake, mwenzake amwigize, na mwenye kifaa awe mfanyakazi wa chini yake. Firimbi ikamwangukia fundi cherehani mmoja, mama mnene wa vituko vingi, aliyekwisha kunong'onezwa na mke wa Bwana Firimbi mambo ya kule kufulia. Akaivaa, akaweka mikono nyuma, akatoa kifua.

Prrrii! "Wewe! Umekuja kufua au kuota jua? Kunja tena! Tena! Hujui pembe nne wewe?"

Watu hoi kwa vicheko. Bwana Firimbi naye alianza akicheka, anakunja shuka alilopewa. Firimbi ikalia sikioni, shuka likamponyoka.

"Bosi, naomba nipumzike kidogo," akasema.

"Nimepuliza mimi? Sijapuliza!"

Akasimama na shuka lake, machozi yanamlengalenga. Akamgeukia mkewe aliyekaa kwenye benchi.

"Hivi kweli nilikuwa hivi?"

"Wee! Hapo amekupunguzia sana," mkewe akasema.

Bwana Firimbi akaangua kicheko na kilio vyote kwa pamoja, na yule fundi cherehani akamkumbatia, firimbi ikiwa katikati yao. Jioni ile alimpigia simu binti yake. "Sijui kama nimejua," alimwambia, "ila najifunza. Mlete."

Binti alikuja, akasimama mlangoni, mkoba begani. Mtoto akaingia na wanasesere wake. Bila kuambiwa akawapanga mstari, akasimama wima pembeni yao, akangoja ukaguzi.

Bwana Firimbi aliutazama ule mstari. Akapiga magoti, yakalia kwa! kwa!, akaivua firimbi na kumvalisha mjukuu.

"Leo bosi ni wewe. Mimi nitafanya utakalosema."

Mtoto akamtazama bibi, akamtazama mama. Akapuliza kwa hofu, kidogo tu.

"Babu, wewe kuku!"

Mzee akakunja mabawa. Akalia kokoko, akapita chini ya meza, akadonoa zulia, akadonoa na kidole cha mkewe. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapuliza kwa nguvu zote. Kule mlangoni mabega ya binti yakaruka.

"Mama, na wewe!"

"Mimi niwe nani?"

Mtoto akafikiri. "Yai!"

Binti alisita. Kisha akauweka mkoba chini, akavua viatu, akajikunyata juu ya zulia, magoti kifuani. Kuku akamjia taratibu kwa magoti yake mabovu, akatandaza mikono juu yake, akamwatamia. Mtoto akangoja na firimbi mkononi, wala hakuipuliza.