Alama Ndani ya Kola

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa duka la nguo pale Voi hakunipa cherehani. Alinipa chaki na mabaki ya vitambaa. "Binti, jifunze kukata kwanza," alisema. "Mshono mbaya hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi." Wakesho, msichana wa milimani kama mimi, aliwekwa kwenye cherehani. Ndivyo tulivyofunzwa, kila mmoja nusu ya ufundi.

Tulipochoka kushona sare za watu, tulipanga chumba chetu tukaanza kubuni nguo wenyewe: magauni ya kanisani, makoti ya mikono mipana. Mimi nilichora na kukata. Yeye alishikiza, yaani alipiga nyuzi za muda, kisha akashona. Ndani ya kila kola tulitia alama yetu, uzi mwekundu na wa buluu uliosukwa pamoja. Tuliringa nayo, vijana wangu! Wateja wa Maungu waligeuza kola kwanza kabla ya kujaribu nguo.

Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapigania uhuru. Kambi ya wafungwa haikuwa mbali nasi, na lori la askari likipita, mtaa mzima ulinyamaza. Asubuhi moja halikupita. Lilisimama mlangoni petu.

Sajini aliingia ameshika koti letu, limechanika na kujaa matope. Alisema alimvua mfungwa aliyetoroka. Akageuza kola.

"Hii koti nani alitengeneza?"

Aliyeshukiwa kumsaidia mtoro naye alipelekwa kambini, na wengine hawakurudi. Kabla sijameza mate, Wakesho akajibu, "Ni mimi, afande. Peke yangu. Huyu dada ananifagilia chumba tu."

Sajini akamsukumia mkasi. "Kata ingine kama hii. Nione."

Wakesho hakuwa amewahi kukata hata leso. Alitandaza kitambaa, akashika mkasi. Kwa mwoga huenda kicheko, na mimi nilikuwa mwoga kamili. Nilibana midomo nikimwomba Mungu amwongoze. Akakata shingo pana ya kupitisha kichwa cha ng'ombe. Sajini akainua macho. Ndipo sauti ikanitoka, nyembamba, kama si yangu.

"Afande, yeye hajui kukata. Mkataji ni mimi."

"Basi nyinyi wote wawili, pandeni gari."

Tulifungiwa kituoni, tumeshikana mikono, kila mlio wa funguo ukitukata maini. Tulitolewa pale fundi mmoja wa reli, mteja wetu, aliposikia habari akaja kueleza kwamba koti lilikuwa lake, likaibwa kwenye kamba ya kuanikia. Hatukupewa hata pole.

Tuliporudi, Wakesho alikaa sakafuni akafumua alama katika kila nguo iliyokuwa ikingoja mwenyewe. Sikumzuia. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, nikamfunza kukata, akanifunza kushona, na hakuna nguo iliyotoka tena na alama.

Sasa nimestaafu, tundu la sindano silioni. Wajukuu hunisumbua: "Nyanya, tuonyeshe nguo moja tu mliyotengeneza." Nguo zetu zilivaliwa harusini toka Voi hadi Mata, na sina hata moja ninayoweza kuthibitisha kuwa ni yetu. Huniuma, sitadanganya. Lakini Wakesho alizeeka, akafia kitandani kwake, watoto wake wamemzunguka.