Mwaka Ule Ng'ombe Alipongoja Krismasi

Wiki iliyopita, ofisini kwetu Raskazone, hapa Tanga, binti wa mapokezi, ambaye mwaka huu ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alisimama katikati ya meza zetu akatusomea tangazo kutoka kwenye simu yake. Kutakuwa na Sherehe ya Kufunga Mwaka. Tuvae nyekundu au nyeupe, kofia tutapewa mlangoni, chakula kitaletwa na watu wa kukodi, muziki upo, na kila mtu alete zawadi iliyofungwa. Tukapiga makofi. Pembeni, mti wa plastiki ulikwisha kuanza kuwakawaka taa zake. Neno Krismasi halikutajwa hata mara moja, wala hakuna aliyeliulizia, na mimi nilikuwa mmojawapo wa waliopiga makofi kwa nguvu, maana napenda sherehe, sikufichi.

Lakini mara tu makofi yalipokwisha, roho yangu ilishika barabara ya Pangani. Ilienda moja kwa moja hadi kwenye shamba la mkonge nililokulia, ikasimama kwenye uwanja wa kuanikia singa, kama nimerudi darasa la tatu. Ndugu yangu, kama hujawahi kula Krismasi kwenye kambi ya mkonge, bado hujajua furaha ya kumkosesha mtoto usingizi ikoje.

Nianze na harufu. Mwaka mzima kambi yetu ilinuka. Kulikuwa na korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kubakiza nyuzi zake, yaani singa, nayo ilitema maji ya kijani yenye harufu kali iliyotufuata mpaka kwenye uji wa asubuhi. Ila ilipokaribia Krismasi korona ilizimwa ili ifanyiwe matengenezo. Kelele zikakatika ghafla, tukabaki tunapayukiana kwa mazoea. Siku mbili tatu baadaye pua zetu zikaanza kugundua mambo mengine: vitunguu vinavyokaangwa, nazi inayokunwa, maandazi ya hiliki, na gauni jipya linalonukia duka. Sisi watoto tulikuwa tunatembea tukinusa tu.

Kazi nazo zilikuwa nyingi, na zote tulizigombania. Kupepeta mchele, kuchota maji bombani, kutafuta matawi ya mvinje ya kupamba milango. Bibi yangu, aliyeteremka kutoka milima ya Usambara kumfuata baba, ndiye aliyekuwa jemadari wetu. Alikuwa na dawa moja kwa kila tatizo: "Oga kwanza." Ukiumwa tumbo, oga kwanza. Ukigombana na mwenzako, oga kwanza, mengine tutayaona. Wiki ya Krismasi nadhani niliogeshwa kuliko miezi yote mingine ikijumlishwa.

Kambini tuliishi watu wa kila namna. Sisi Walutheri, Wakatoliki waliotoka mikoa ya mbali kufuata kazi, na Waislamu wa pwani hiihii. Ukuta mmoja na sisi aliishi mzee wa Kidigo kutoka Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, fundi wa korona, mtu wa mizaha na sauti kubwa. Huyu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kambi. Utaratibu ulikuwa huo na hakuna aliyeuhoji: mnyama wa sikukuu, iwe Idi au Krismasi, anachinjwa na Mwislamu, ili kambi nzima ile bila mtu kusitasita. Kila mkesha wa Krismasi kiwanda kilitoa ng'ombe, mchele na sukari kwa wafanyakazi wote, jirani yetu akachinja, na wakati nyama inapikwa, watoto wa Kikristo walicheza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu palepale uwanjani. Marobota ya singa ndiyo yaliyokuwa nyumba ya wageni ya Bethlehemu. Singa zilizoanikwa nyuma yetu ndizo zilizokuwa mawingu. Mtoto Yesu alikuwa furushi la singa lililofungwa kwenye khanga, kwa hiyo kila mwaka alizaliwa na nywele ndefu za manjano.

Na mwaka ule ninaokusimulia, mimi ndiye niliyekuwa Mariamu!

Sijui nikuelezeje. Kwa miaka yote iliyotangulia nilikuwa kondoo. Kondoo hana la kusema zaidi ya "mee", na hata hiyo "mee" yangu mwalimu wa shule ya Jumapili alisema imezidi. Sasa nimepewa Mariamu, na khanga ya bluu ya bibi ya kujifunika kichwani. Nilisema maneno yangu nikiwa nachota maji, nikayasema nikiwa nafua, nikamwambia mbuzi wa watu kwamba nimetembelewa na malaika. Jirani yetu alikuwa akinisikia kupitia ukutani, anagonga na kuniambia kwa kelele, "Wewe Mariamu, tulale sasa!"

Basi tulikuwa tumepata meneja mpya, kijana aliyetoka mjini, mpole, suruali yake daima ina mstari. Siku chache kabla ya sikukuu, asubuhi wafanyakazi walipokusanyika kuitwa majina, akawatangazia kwamba ng'ombe atakuwepo na mchele utakuwepo, lakini mwaka huu sherehe ni ya kufunga mwaka. Mchezo wa watoto na nyimbo za kwaya vibaki kanisani, kwa kuwa hapa ni kazini na kazini kuna watu wa dini zote. Baba alituletea habari hiyo akiwa bado na kofia kichwani. Nililia, ndugu yangu. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Kanisa letu lilikuwa kibanda cha makuti mbali na kambi, na huko wangekuja walewale wa kila Jumapili. Mimi nilitaka kambi nzima inione si kondoo tena.

Bibi alinitazama, akasema, "Oga kwanza."

Siku ya mkesha aliipiga pasi ya mkaa ile khanga ya bluu kana kwamba hakuna tangazo lolote, akanifunga, akanitoa nje. "Twende tukale nyama," akasema. Nilipofika uwanjani niliwakuta malaika na wachungaji wote wameshavaa! Kumbe kila mama kambini alikuwa amefanya vilevile. Tulisimama tumejipanga kwenye kivuli cha marobota, kimya, tumependeza, hatuna ruhusa.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna zake. Masufuria yalikuwa mafigani, maji yanachemka. Jirani yetu akaja na kanzu yake safi, kisu kimeviringishwa kwenye kitambaa kwapani. Meneja akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana meneja. Haya, niambie. Huyu ng'ombe wa nini?"

Meneja akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Wa sherehe, mzee. Kufunga mwaka."

"Kufunga mwaka." Mzee akageuka kututazama sisi tulio kwenye marobota, kisha akamrudia. "Mie nachinja hapa miaka mingi. Idi nachinja ng'ombe wa Idi. Krismasi nachinja ng'ombe wa Krismasi. Huu mwaka unaofungwa, hata siujui ni wa nani. Nani kazaliwa? Nani kafunga saumu? Nikimaliza kuchinja nimpe nani mkono wa sikukuu?"

Watu wakaanza kucheka. Meneja hakukasirika, nampa haki yake. Akamsogelea, akasema kwa upole, lakini sote tulisikia: "Mzee wangu, mbona nimefanya hivi kwa ajili yenu? Sitaki mtu ajione mgeni kazini kwake."

"Ajione mgeni nani? Mie?" Sauti yake ilifika mpaka korona. "Mie kila mwaka nakaa pale kwenye robota nawatazama hawa watoto wakikosea maneno, nacheka mpaka mbavu zauma! Wallahi ndiyo raha yangu. Leo waniondolea raha yangu, halafu waniambia ni kwa ajili yangu? Na huyo Bi Mariamu, kakwambia nani ni wao peke yao? Nenda kaulize chuoni, watoto wa madrasa watakusomea habari zake."

Akaenda, akakaa juu ya robota, kisu bado kwenye kitambaa, akaanza kujipepea na kofia yake.

Hakuna aliyethubutu kuchukua kisu kingine, maana akichinja mwingine asiye Mwislamu nusu ya kambi haili, na Waislamu wengine wote ghafla walikuwa wanatazama mawingu. Maji yakazidi kuchemka. Ng'ombe akazidi kutafuna. Mimi nilimtazama meneja bila kupepesa, furushi langu la singa nimelibana kifuani hadi linanichoma shingoni, nikimwomba Mungu wa Walutheri, na wa Wakatoliki, na wa jirani yetu, yeyote atakayewahi.

Meneja akavua miwani, akaifuta. Akamwuliza mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, "Huo mchezo unachukua muda gani?"

"Mfupi tu, bwana, kabla wali haujaiva tumemaliza."

Akamgeukia mzee. "Haya, baba. Ni ng'ombe wa Krismasi."

Wee! Vigelegele vilivyopigwa! Wa kwanza kupiga walikuwa kina mama wa Kidigo, tena wale wenye mapafu. Mzee akainuka, akanyoosha kanzu, akamkabidhi mtu kofia yake, na kazi ikaendelea kama miaka yote. Sisi tukawa tunarukaruka hadi mbawa za malaika mmoja, zilizokuwa za karatasi ya mfuko wa saruji, zikachanika.

Nilipoingia uwanjani na khanga yangu niliona watu mpaka kwenye ngazi za kiwanda. Wote wakinitazama mimi. Malaika akaja, akasema yake vizuri sana, zamu yangu ikafika, na maneno yote niliyomwambia mbuzi wiki nzima yakatoweka kichwani. Hakuna kitu. Nikabaki nimefungua mdomo. Ndipo ikatoka sauti kubwa kule kwenye robota: "Mwambie umekubali, mwanangu! Umekubali!" Kambi nzima ikaangua kicheko, nami nikapata pumzi, nikasema kwa nguvu kwamba nimekubali, na mengine yakajileta yenyewe. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nimeolewa, nimezaa, nimepanda cheo, lakini ile ya kuwa Mariamu nimeiweka juu.

Tulikula kwenye masinia, watu sita sita, dini zimechanganyika na mikono imechanganyika. Meneja alikaa chini na suruali yake yenye mstari, mchuzi ukamdondokea, naye hakujali.

Bibi alikwisha tangulia, na jirani yetu pia. Korona ile imenyamaza, na sehemu ya shamba sasa ni viwanja vya watu. Nimekuwa nikijiuliza wiki hii yote: hivi Krismasi inatoka kazini kwetu, au sisi ndio tunaotoka ndani yake na kuacha taa zinawaka? Wengine husema ni kwa ajili ya kuheshimu wasio Wakristo. Nilitaka kulijua hilo kutoka kwa mwenyewe. Kwa hiyo jana, wakati wa chai, nilimwendea yule binti wa mapokezi, ambaye ni Mwislamu, mtoto wa Tanga hasa, nikamsimulia habari hii yote, ng'ombe na kisu na robota. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kisha nikamwuliza kwa nini aliandika Kufunga Mwaka.

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kumwambia mkubwa wake jambo. "Mama, mie rasimu ya kwanza niliandika Krismasi," akasema. "Nikawatumia nyie wakubwa, Wakristo wenyewe, muipitie. Mkaniambia niitoe, wageni wetu wasio Wakristo wasije wakajisikia vibaya."