Ukuta wa Fundi wa Lenzi

Fundi wetu wa kamera hapigi picha watu, anapiga picha ukuta. Ukimletea lenzi pana ya bei nafuu, kwanza anaipulizia kama uji wa moto, anaifuta kwa pindo la shati, kisha anatoka nayo uani, anapanda juu ya kreti lake la soda na kuupiga picha ukuta wa matofali wa jirani. Akirudi, anaikuza picha kwenye kompyuta mpaka pembe ijae kioo chote, halafu anaguna. "Pembe ya kushoto imeoza," husema, yaani ina ukungu, kwa sauti ya daktari aliyekwishakata tamaa. Miaka mitatu nafanya naye kazi, sijasikia hata siku moja ikaoza ya kulia.

Juzi akaja na lenzi yake dada mmoja anayepiga picha vyumba vya kupangisha, vile ambavyo ukifungua mlango umeshagonga kitanda. Aliposikia hukumu hakubishana. Alipanda kreti lile lile, akaipindua kamera juu chini, akapiga tena. Kama ubovu ungekuwa wa lenzi, ukungu ungehamia upande wa pili wa ukuta. Haukuhama. Ulibaki kwenye matofali yale yale, ambayo maji ya paa yameyala mpaka yamelainika kama sabuni.

"Kaka, kilichooza ni ukuta," dada akasema.

Fundi aliinamia kompyuta, akatazama weee, kisha akajinyoosha na kuweka kola sawa. "Si nilikwambia? Lenzi hii hata ukiipindua, mbovu tu."