MmaTebatso na Mtambo Usiopokea Salamu

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja ilikuwa kama nyingine. Mke wangu, Gaboipolelwe, ambaye wengi walimwita MmaTebatso, yaani mama wa Tebatso, alipika uji wa mtama, akanimiminia chai, kisha akasogeza bakuli na kuweka kompyuta mezani. Mimi sikusoma, nimechunga ng'ombe maisha yangu yote. Yeye alikuwa mtu wa simu. Miaka mingi aliwaunganisha watu katika posta ya Mahalapye, na sauti yake ilijulikana mpaka kwenye mazizi ya mbali.

Alikuwa katibu wa chama chetu cha maziko, tunaochangiana kuzikana. Jumamosi ya wiki ile chama kilikuwa na mkutano, na MmaKelebonye, rafiki yake tangu usichana, alikuwa kimya tangu mavuno. Alihama, simu yake haikushika tena. Asingepatikana, jina lake lingefutwa. Kufutwa ni kuzikwa na wageni.

Binti yetu Tebatso, anayekaa Gaborone, alikuwa amemwelekeza mama yake kwenye huduma ya mtandaoni ambayo vyama vya maziko vimejiunga nayo. Unaipelekea kidogo ulichonacho kuhusu mtu, hata namba yake ya zamani; inakurudishia yaliyopungua. Chama kilipewa ufunguo wa kuingilia, herufi na tarakimu ndefu kama mkia wa ng'ombe. Akaubandika mahali pake, akaandika ombi, akatuma. Jibu: ombi halieleweki. Akatuma tena. Vilevile.

Akampigia Tebatso, akamsomea alichoandika.

"Mama! Umeanza na 'Dumela mma, umeamkaje'?"

"Ulitaka nianze na nini?"

"Namba, basi. Futa salamu."

"Niombe kitu cha watu bila kusalimu? Nimelelewa na fisi?"

"Si mtu huyo, Mama."

"Anajibu, hajibu?"

"Anajibu."

"Haya basi!"

Chai ilinipalia. Akanitupia jicho.

"Cheka tu, RraTebatso. Ng'ombe wako unawasalimu kila asubuhi. Wamekujibu lini?"

Akafuta salamu kwa kidole kimoja, polepole, kama anayemtoa mgeni nje. Akatuma. Safari hii yakaja yote: jina zima, kazi ya ushonaji, kijiji cha Tonota, namba mpya. Akapiga papo hapo. Wakaulizana mvua, wajukuu, mbuzi, miguu. Uji wake ukapoa. MmaKelebonye akasema Jumamosi atakuja, hata kwa kutambaa.

Alikuja. Mkutano haukuwapo. Moyo wa mke wangu ulisimama jioni ya siku ileile aliyompigia, akiwa anaanua nguo, na Jumamosi tulimzika. MmaKelebonye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Lakini asubuhi ile, kabla hajafunga kompyuta, nilimwona anaandika tena. Nikamuuliza anaomba nini sasa, na rafiki yake keshapatikana.

Akasema, "Siombi kitu. Amenionyesha rafiki yangu alipo. Nitaondokaje bila kuaga?"